Hodi Kabla ya Kufuta

Saa nane usiku, Hombolo imelala,
upepo wa Agosti unapekua mabati ya ghala,
na mashine, peke yake, inasoma amri zangu
mstari kwa mstari, kama karani mtiifu
asiyeinua uso kuuliza:

fungasha daftari la mizani.
Litume Dodoma mjini.
Futa lililobaki.

Mstari wa kwanza, Fungasha hakuitika.
Mashine ikaandika 127,
yaani, huyo uliyemtaja sikumwona,
kisha ikaenda wa pili, ikatuma hewa,
ikaenda wa tatu, ikafuta.

Asubuhi Wendo Chibago yuko dirishani,
vidole bado vyeusi kwa maji ya zabibu.
"Mbukwa," akasema, akanyoosha kikaratasi cha Yoeli wa mizani:
kilo mia tatu na kumi na mbili, Jumanne.
Nikamtafuta kwenye skrini. Nikamtafuta tena.
"Mizani imeniona," akasema,
"Yoeli ameniona, punda wangu ni shahidi.
Hicho chako tu ndicho kisichonijua."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na chai, ikapoa.

Basi nikaketi kuifundisha mashine adabu
ambayo mtoto huijua kabla ya kuhesabu:
kwa watu huingii bila hodi.
Nikaandika juu kabisa, kabla ya yote:

if ! command -v fungasha >/dev/null

Ukitaka kwa maneno yetu: hodi, Fungasha, upo?
Usiamke, usivae viatu, sijakutuma bado.
Atakachonijibu nakitupa kwenye shimo
lile lisilojaa, lisilorudisha mwangwi;
mie nasikiliza tu mlango ulivyolia.
Sifuri: yupo.
(Sifuri ile ile iliyomrudisha kaka yangu Masinga
kutoka kidato cha nne, kimya, na begi kichwani,
huku ndiyo heri, huku ndiyo karibu ndani.)

Zamani nilikuwa namtuma which akaniulizie,
tarishi wa kukodi.
Siku moja nikaikuta mashine ambayo tarishi mwenyewe hayupo.
Sasa nani amuulizie muulizaji?

Na Fungasha asipoitika: sema kwa sauti,
simama hapo hapo, daftari usiliguse.
Nikajaribu. Yupo.
Nikajaribu tena, nikatoka nje, nikarudi: yupo.

Hapo ndipo nilipoogopa.
Kama yupo, jana alikuwa wapi?

Nilimaliza mchana kulijua hilo.
Mimi nikiingia, naingia na njia zangu zote,
nilizozichonga miaka minne, kichochoro kwa kichochoro.
Mlinzi wa zamu ya usiku, anayeamsha amri saa nane,
ana njia mbili tu alizopewa siku ya kuajiriwa:
/usr/bin, na /bin.
Fungasha anakaa /usr/local/bin, mtaa wa jirani.
Hakuna aliyempeleka mlinzi akaonyeshwa.
Kwa hiyo alikuwa nyumbani, usiku kucha,
taa inawaka,
akisubiri kuitwa.

Nikauandika mtaa ule ndani ya amri,
herufi zote, mlinzi asibahatishe.
Kisha nikamwandika Wendo kwa mkono, C, h, i, b,
naye amesimama nyuma yangu
akihakiki kila tarakimu kwa kidole cheusi.
Wengine wakaja na vikaratasi vyao, tisa,
kimoja kimetafunwa pembe na mbuzi.

Usiku huo sikulala.
Saa nane: hodi.
Sifuri.
Daftari likafungashwa, likaenda, likafutwa kwa haki.

Ila Yoeli anakumbuka kuwa Jumanne alipima watu kumi na wawili.
Wawili hawajaja hadi leo.
Labda vikaratasi vilifuliwa pamoja na shati.
Nimekaa tayari kuwapigia hodi,
na majina yao siyajui.